Damu ya Mzee Ndani ya Oveni

Mume akistaafu, anayeongezewa kazi ni mke. Baba Rukia alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Mombasa. Aliajiriwa akiwa kijana, miaka ile ya mwisho ya injini za mvuke, na mpaka anakabidhiwa barua ya kustaafu hakuwahi kushika spana. Kazi yake ilikuwa kalamu, mihuri na vitabu vya risiti. Lakini meza yake ilielekea dirishani, na nje ya dirisha zilipita injini za mvuke za aina ya Garratt.

Kama hukuziona, nitakueleza nilivyoelezwa mimi miaka nenda miaka rudi. Zile za klasi ya 59 zilikuwa 34, zilizotengenezwa na Beyer, Peacock mjini Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu uliopita mita 30, na haijawahi kutokea injini ya mvuke kubwa kuliko hizo kwenye reli ya upana wa mita moja. Boila lilikaa katikati, na mbele na nyuma yake kulikuwa na seti mbili za magurudumu zilizojitegemea, ili dubwana refu vile liweze kukata kona za Mazeras bila kuing'oa reli. Kila moja ilipewa jina la mlima. Mbili zimebaki kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena. Milima hiyo yote miwili iko Tanzania, na mgeni wetu hamalizi kikombe cha kwanza cha chai kabla hajajulishwa hilo.

Binti yetu Rukia ni muuguzi hukohuko Manchester. Siku alipotutumia picha amesimama kando ya Garratt kwenye makumbusho ya mji ule, akidhani amemfurahisha babake, alipigiwa simu usiku uleule.

"Mwanangu, hiyo si yetu. Hiyo ya Afrika Kusini. Reli yao imetuzidi milimita 67."

"Baba, nilidhani utapenda tu."

"Nimependa. Lakini si yetu."

Alipokuja likizo alileta boksi. Alikuwa ameulizia bei ya Garratt ndogo inayokwenda kwa mvuke wa kweli, akakuta ni bei ya kununua tuktuk, basi akachukua kile mfuko wake ulichoweza: injini ndogo ya magurudumu manne, imo vipande vipande, mwenyewe uiunge kwa mkono. Ikiisha itakuwa na urefu wa shubiri moja na vidole viwili. Haina betri wala waya. Unatia maji kwenye boila la shaba, unawasha tambi za spiriti chini yake, na mvuke unasukuma pistoni kama ulivyosukuma pistoni za wakubwa.

Baba Rukia aliiangalia picha iliyo juu ya boksi kwa muda.

"Hii ni ya shamba la mkonge," akasema.

Usiku huo hakulala.

Meza ya kulia chakula ndiyo iliyokwenda kwanza. Sisi tukahamia mkekani, na meza ikatandikwa taulo langu jeupe, juu yake bamba za chuma, silinda mbili, ekseli, vipande vya shaba na vijifuko vya nailoni vyenye nambari. Skrubu zilikuwa za aina nyingi na zote ndogo, nyingine utadhani ni ufuta. Akatafuta kitu cha kuzitenganisha. Mimi napika vitafunio vya oda, na asubuhi moja nilipofungua kabati kutafuta chuma changu cha vitumbua sikukiona. Nikakikuta mezani, kila shimo lina aina yake ya skrubu, na kando yake karatasi yenye mwandiko wa kikarani: shimo la kwanza, boliti za fremu, shimo la pili, nati za silinda, na kadhalika mpaka shimo la mwisho, "zisizojulikana".

"Mama Rukia, usitikise," akaniambia.

Wateja wa vitumbua siku hiyo walikula kaimati.

Kuunga fremu kulikwenda haraka, sina la kusimulia. Shida ilikuja kwenye magurudumu. Injini ya silinda mbili haifungwi magurudumu hivihivi. Kama pistoni zote mbili zitafika mwisho wa safari zake kwa wakati mmoja, injini itasimama hapo na hakuna mvuke utakaoinasua. Kwa hiyo mkono wa gurudumu la kushoto hupishanishwa na wa kulia kwa robo ya mzunguko: huyu akifika mwisho, mwenzake yuko katikati na nguvu zote. Na robo hiyo lazima iwe ileile mbele na nyuma, kwa kuwa magurudumu ya upande mmoja yamefungwa kwa fito moja. Ikikosewa kidogo tu, fito inavuta huku gurudumu linakataa. Ya Baba Rukia ilikataa. Ilizunguka vizuri, ikifika mahali pamoja inagoma, tik, halafu inaendelea. Alilegeza, akakaza, akasukuma kwa kidole, tik. Nikawa naisikia ile tik hata nikiwa kitandani. Mwishowe alichukua tupa nyembamba sana na kulipanua tundu la fito kwa uangalifu wa mtu anayemtoa mtoto mwiba wa jicho, na tik ikaondoka.

Nilifurahi mapema. Baada ya chuma huja rangi.

Injini za reli ya Afrika Mashariki zilipakwa rangi ya damu ya mzee, na Baba Rukia hakutaka nyingine hata kama hii ni ya shamba la mkonge. Alizunguka maduka ya vifaa vya ujenzi, akaenda mpaka kwa wapaka rangi wa matatu, akarudi na kopo la rangi inayostahimili joto. Rangi ya namna hiyo haikauki vyema juani. Inataka kuokwa. Sasa katika nyumba yetu kitu cha kuokea ni kimoja, na siku hiyo mimi nilikuwa mazikoni Kisauni.

Niliporudi jioni, oveni ilikuwa imefutwa na kung'aa. Mwanamke yeyote aliyeolewa atashtuka akikuta mume amesafisha oveni bila kuombwa. Nikanusa. Akasema ni dawa ya mbu. Nami nilikuwa na oda ya keki ya arusi, sikuwa na nafasi ya kuhoji, nikachanganya na kuoka. Keki ilitoka na sura nzuri mno. Mwenye arusi alikata kipande cha kuonja, akatafuna polepole, akanitazama.

"Bi mkubwa, umetia iliki?"

"Nimetia."

"Na nini tena? Kuna kitu cha gereji."

Pesa zake nilirudisha, na Baba Rukia akanilipa kutoka kwenye pensheni yake. Tangu hapo oveni ina kufuli. Haki yake nitampa: rangi ilishika, laini, bila tone lililoteremka.

Jirani yetu wa mlango wa tatu tunamwita Fayaman. Alianza reli kama fayaman wa injini za mvuke na kumalizia dereva wa dizeli, na masikio yake, ambayo hayasikii mkewe akimwita, yanasikia injini. Alikuja na kiti chake mwenyewe siku ya kujaribu valvu. Kujaribu hakukuhitaji moto: injini iligeuzwa miguu juu kwenye taulo (taulo langu la pili), bomba likaunganishwa na pampu ya baiskeli, na mjukuu wetu akapewa kazi ya kupiga pampu kwa ahadi ya soda. Magurudumu yakazunguka. Baba Rukia akapiga makofi. Fayaman hakupiga.

"Piga tena," akamwambia mtoto. Akafumba macho, akainua kidole, akawa anakishusha kwa kila pumzi inayotoka dohanini. Gurudumu likizunguka mara moja lazima zitoke pumzi nne zilizoachana sawasawa, kwa sababu silinda ni mbili na kila pistoni husukumwa kwenda na kurudi. Mimi nilisikia pf-pf-pf-pf. Yeye kidole chake kilishuka, kikashuka, kikashuka, kikasita, kikashuka.

"Inachechemea," akasema. "Kijiti cha valvu ya kushoto ni kirefu. Mlango mmoja unafunguka mno, wa pili unafungua jicho tu."

Baba Rukia akafungua kitabu cha maelekezo kumwonyesha kwamba amefuata kila mstari. Fayaman hakutazama kitabu. Alimwambia alegeze nati ndogo ile, azungushe nusu, akaze. Mtoto akapiga pampu. Kidole kikashuka mara nne, bila kusita. Hapo ndipo Fayaman alipoomba chai.

Na kuanzia hapo alihamia kwetu, naye akaja na hadithi zake: kwamba Garratt zilichoma mafuta mazito, si makaa, na masizi yake yakiziba mabomba ya boila, fayaman anachota mchanga na kuutupia tanuru, moto unauvuta mchanga kupita mabombani na kuyakwangua, na nyuma ya treni anga lote linakuwa jeusi. "Nguo za kina mama wa Changamwe," akasema, "tuliziharibu sana." Alilisema hilo akiniangalia mimi, kwa fahari, sijui alitarajia nijibu nini.

Maji yalikuwa ugomvi mwingine. Yetu ya kisima yana chumvi, na chumvi ndani ya boila hubaki maji yanapogeuka mvuke, ikagandamana kuwa gamba linalozuia joto. Reli wenyewe waliijua shida hiyo; kati ya Mariakani na Samburu kuna stesheni inaitwa Maji ya Chumvi, huhitaji onyo jingine. Basi boila likataka maji ya mvua. Mimi nina pipa la maji ya mvua chini ya paa, ya chai na ya kuoshea nywele. Pipa likaanza kupungua bila mtu kuosha nywele. Nilipouliza, nikaambiwa boila halijai hata kikombe kimoja. Ni kweli. Lakini kila siku lilioshwa, likasuuzwa, likajazwa, likamwagwa, likajazwa tena.

Ikafika siku ya moto. Ulikuwa msimu wa kusi, na kusi ya Mombasa huijui mpaka ujaribu kuwasha tambi za spiriti barazani. Moto ulitoka chini ya boila ukalamba ubavu wa injini, na ile damu ya mzee iliyonigharimu keki ikaanza kufura malengelenge. Akazima. Akazuia upepo kwa sinia langu, ukapita juu ya sinia. Akazuia kwa mlango wa kabati. Fayaman akashauri wangoje kaskazi. Baba Rukia, aliyekuwa amengoja tangu ujana wake, akasema reli inahamia sebuleni.

Mimi nilikuwa jikoni na unga wa mahamri umeumuka chini ya taulo bichi. Nikaona wakiweka reli duara, kuzunguka makochi, juu ya busati. Nikauliza mara moja tu kama jambo hili lina usalama. Nikaonyeshwa valvu ya usalama, ambayo mvuke ukizidi hujifungua yenyewe. Hilo halikuwa swali langu.

Injini ile ilikuja bila valvu ya kupunguzia mvuke. Moto ukiwaka, maji yakichemka, unaisukuma kwa kidole nayo inakwenda mpaka spiriti iishe. Kuisimamisha kabla ya hapo ni kuishika, na boila lenye mvuke halishikiki. Baba Rukia alijua hili kwa kulisoma. Kulijua kwa kulisoma ni jambo moja.

Ikachemka. Ikapiga mluzi mwembamba valvuni. Akaisukuma. Silinda zilikuwa bado baridi, kwa hiyo mvuke wa kwanza uligeuka maji humo ndani, ukachanganyika na oili, na pistoni zikaurusha wote juu kupitia dohani. Dohani ilitema. Ilitema kwenye pazia, kwenye kioo cha kabati, na kwenye kanzu ya Ijumaa niliyoitundika mlangoni ikiwa imepigwa pasi. Oili ile ni nzito makusudi, ya kustahimili mvuke. Ina kikopo chake, na namna inavyotoka nilipenda nilipoelezwa: mvuke unaingia kikoponi, unapoa kuwa tone la maji, tone linazama chini ya oili kwa uzito wake, na oili inapanda juu na kusukumwa silindani, tone kwa tone, bila pampu. Hongera kwa aliyebuni. Kwenye kanzu haitoki kwa sabuni yoyote.

Halafu ikaondoka. Mara ya kwanza ilipita mbele ya kochi kwa adabu, pf, pf, pf, pf, na nakiri macho ya Baba Rukia yalilowa. Silinda zilipopata joto haikuwa na adabu tena. Ikaanza kukimbia. Fayaman akasimama. Pumzi zikashikana zikawa mlio mmoja, mjukuu akashangilia, na kwenye kona ya kabati ikaacha reli, ikalala ubavu, magurudumu yakiendelea kuzunguka hewani kwa hasira.

Kila mtu aliitazama injini. Mimi nilitazama busati. Moto wa spiriti mchana hauonekani. Nilichokiona ni sufu zikijikunja zenyewe na duara jeusi likikua bila moto wowote. Nikachomoa taulo bichi juu ya mahamri nikalitupa pale, nikalikanyaga, nikamwagia na mtungi wa maji ya kunywa. Ndipo wanaume wawili wenye jumla ya miaka isiyopungua mia na arobaini wakauliza, "Kwani kuna moto?"

Kwa juma zima sebuleni kulikuwa kimya. Kisha nikawasikia wakinong'ona, na nilipotega sikio haikuwa kuhusu busati. Walikuwa wanajadili mwendo. Mtu asiyejua hudhani kazi ya injini ndogo ni kuifanya iende. Kwenda si kazi, mvuke haujui kwamba umetiwa kwenye kitu kidogo. Kazi ni kuifanya iende polepole, kwa mwendo wa treni ya mizigo inayopanda kutoka pwani, kila pumzi isikike peke yake. Lakini ukipunguza moto ili iende polepole, inakufa njiani, kwa kuwa kikombe hupoa kabla ya birika: maji ni machache, na shaba iliyoyazunguka inapoteza joto kwa kasi. Nafasi kati ya kukimbia na kufa ni nyembamba mno, nao waliitafuta kwa majuma.

Walifupisha tambi, wakazichambua, wakazilegeza zipitishe hewa. Walivisha boila koti la mbao nyembamba chini ya bati. Rukia alituma kwa posta ile valvu ya kufungulia mvuke kidogokidogo. Fayaman alikwenda kwa wavuvi akarudi na chubwi za risasi, wakazifunga chini ya fremu magurudumu yaume reli vizuri. Kisha akasema jambo ambalo kitabu hakikusema: injini isiyo na mzigo haina sababu ya kwenda pole. Wakatengeneza mabehewa ya makopo ya samaki na kuyajaza mchanga. Siku hiyo, ndani ya ua, nyuma ya ukuta wa makuti walioujenga kuzuia kusi, ilikwenda. Ningeweza kutembea kando yake na kikombe mkononi. Fayaman alifumba macho na kushusha kidole kuzunguka duara zima, na hakusema kitu, na kwake yeye huko ndiko kusifu.

Nilidhani yameisha. Nilisahau nimeolewa na karani. Reli sasa inatoka uani, inapanda kibao kuvuka kizingiti cha jikoni, ambacho kimeandikwa kwa chaki "Mazeras", na kuishia barazani, "Voi". Kuna ratiba ukutani. Kuna kitabu cha stakabadhi. Nikitaka kupeleka sukari barazani wakiwa na wageni, napimiwa, naandikiwa hati ya mzigo, natia sahihi nakala mbili, na kungoja mvuke upande. Chai inapoa. Juzi behewa lilipinduka Mazeras, sukari yote ikamwagika mpaka chini ya jiko, na sisimizi wakaipokea kabla ya yeyote. Nilidai fidia. Baba Rukia alinipa fomu, nikaijaza kwa jina, tarehe, uzito na thamani, akaigonga muhuri na kuitia faili. Kila nikiuliza imefikia wapi naambiwa iko kwa ofisa wa madai. Ofisa wa madai ni yeye.